Siku 13 kwa miguu, Bukoba hadi Namugongo: maoni yangu juu ya huduma ya hija

Kina mama wa jumuiya yetu wananiuliza, na wateja walioniona nikichechemea dukani wananiuliza: ile hija ya miguu ya kwenda Namugongo, kule Uganda walikochomwa moto Mashahidi, inafaa? Nimejibu kwa mdomo hadi nimechoka, na kwa mdomo mtu husahau nusu. Naandika ili anayetaka kujiandikisha mwakani asome akiwa ametulia, kisha aamue. Jina la kikundi kilichotupeleka sitalitaja, maana nina jambo zito la kukilalamikia na nimekwisha kumweleza kiongozi wao uso kwa uso. Mengine mengi waliyafanya vizuri, nayo nitayasema.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bukoba, mwaka huu natimiza miaka 49. Kazi yangu ni ya kukaa. Kutwa nzima miguu yangu inajua jambo moja tu, kukanyaga pedali. Kilichonitoa kwenye kiti ni ukavu wa moyo. Nilimuuguza mama yangu miaka mitatu, nikimgeuza, nikimwogesha, nikimlisha uji kwa kijiko, na alipofariki kila mtu alinisifu kwa uvumilivu. Baada ya arobaini nikagundua kwamba sisali tena. Midomo inasema Salamu Maria, mimi mwenyewe sipo. Nikamweleza padre katika kitubio. Hakunipa maneno mengi. Aliniambia niutoe mwili wangu sadaka kwa muda, niuache ukose ulivyovizoea, niende kwa Mashahidi kwa miguu.

Kwa sisi wa Kagera, Namugongo si ugenini. Imani ilitufikia kutoka upande ule: wamisionari waliofungua misheni ya Kashozi, huku kwetu, mwaka 1892 walitokea Buganda, miaka sita tu baada ya Karoli Lwanga na wenzake kuchomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, tarehe 3 Juni 1886. Bibi yangu aliwataja Mashahidi wa Uganda kama mtu anavyowataja wajomba zake. Kwa basi unafika siku hiyo hiyo. Sisi tulitumia siku 13, kilometa zaidi ya 300.

Nililipa shilingi 180,000, nusu mwezi wa Machi wakati wa kujiandikisha, nusu wiki moja kabla ya kuondoka. Kwa pesa hiyo unapata gari la mizigo linalobeba magodoro, sufuria na mabegi, muuguzi mmoja, uji wa asubuhi na chakula kimoja cha moto jioni, kizibao cha kung'aa cha kuvaa barabarani, na mahali pa kulala kila usiku, yaani sakafu ya darasa au ukumbi wa parokia. Hakuna kitanda, hakuna maji ya moto, hakuna chumba cha peke yako. Haya yote tuliambiwa wazi siku ya semina ya maandalizi, na kwa uwazi huo nawaheshimu. Pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano unajitafutia mwenyewe. Usingoje wiki ya mwisho. Pale Mutukula, mpakani, tuliwaacha wenzetu wawili kwa sababu ya kadi, wakatufuata baadaye kwa basi, na najua iliwauma.

Kengele inalia saa tisa usiku. Saa kumi mko barabarani, gizani, mmepanga mstari mmoja upande wa kulia ili magari yawajie kwa mbele, na rozari ya kwanza inaanza. Ikiisha inafuata saa nzima ya kimya. Simu zinakuwa zimekusanywa na muuguzi tangu usiku, mnapewa jioni kwa nusu saa. Siku mbili za mwanzo saa hiyo ya kimya ilinitesa kuliko magoti. Nilisikia hesabu za duka, madeni ya vitambaa, sauti ya mama akiniita usiku. Siku ya tatu tulivuka mto Kagera pale Kyaka, mahali daraja lilipovunjwa mwaka 1978 katika vita vya Tanzania na Uganda. Wazee wetu waliokuwa watoto wakati ule walisimama katikati ya daraja, wakatazama maji, nasi tukasimama nyuma yao. Hakuna aliyetuamuru kunyamaza. Hapo ndipo nilipoacha kupigana na kimya.

Sasa miguu, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Nilivaa raba za mtumba nilizozitembelea mwezi mzima hapa mjini, soksi mbili mbili, na kila alfajiri nilipaka mafuta ya mgando katikati ya vidole. Wenzangu waliokuja na raba mpya kutoka kwenye boksi walianza kulia kabla hatujafika mpakani. Mimi lengelenge la kwanza lilitoka siku ya nne, chini ya dole gumba la kushoto, likajaa maji hadi likawa kama punje ya zabibu. Nilikuwa nimebeba sindano zangu na uzi mweupe, kwa sababu nilisikia kwa waliotangulia kwamba unapitisha uzi kwenye lengelenge, unauacha humo, maji yanatoka yenyewe. Nikawa fundi wa miguu ya watu. Jioni ile nilitoboa malengelenge kama kumi na moja, foleni ikiwa imepangwa kwenye ngazi za darasa, mpaka muuguzi akaja, binti wa miaka ishirini na kitu, akaniomba kwa adabu nisimame. Akaniambia, "Mama, ukiuacha uzi humo, unauwekea uchafu njia ya kuingilia." Akanionyesha namna inavyofaa: osha kwa sabuni, pangusa kwa spiriti, toboa pembeni sehemu mbili kwa sindano safi, bonyeza taratibu kwa pamba, ngozi iache ilivyo, usiichune, kisha funga. Nyuzi nilizokuwa nimezipitisha tukazitoa zote. Huyu binti ndiye sehemu bora kabisa ya huduma ile, na nasema hivyo nikijua atasoma.

Masaka, tukiwa tayari Uganda, tulifika usiku wa saba. Jioni ile kiongozi wetu alihubiri, na mahubiri yake ndiyo yaliyozaa lalamiko langu. Alisema maumivu ndiyo sarafu ya mbinguni, na kwamba anayepanda gari amemwacha Yesu peke yake msalabani. Wengi tulisema amina. Mimi niliisema kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuwahesabu. Nilijua kwa majina nani ameshapanda gari, siku gani, kilometa ngapi. Mzee mmoja wa zaidi ya miaka sabini alikuwa akitembea hadi saa tatu asubuhi kisha anapanda, kila siku. Nilikuwa nikimwangalia akiinua mguu kuingia garini na ndani yangu kulikuwa na kitu kitamu, kitamu kabisa, kinachosema: mimi bado. Nilikiita bidii.

Ijumaa tukaingia Lwera. Asiyeijua barabara ya Masaka, Lwera ni kinamasi kipana mno, mafunjo huku na huku, lami imenyooka katikati, kivuli hakuna. Malori ya mchanga yanapita yakikusukuma kwa upepo. Siku hiyo tulikuwa tumefunga, mkate na maji tu, na usiku tulikuwa tumelala Lukaya, mahali ambapo kila basi likisimama vijana wanalizunguka na vijiti vya kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, moshi ule umejaa hewa yote. Nilitoka Lukaya nikijiona nimeshinda vita. Kufikia saa nne jua lilikuwa kali na nikaanza kuona barabara inapanda na kushuka kama kitambaa kwenye kamba. Nikaendelea. Muuguzi akaja akatembea pembeni yangu, akaniuliza jina langu, akaniuliza ni siku gani. Nikamjibu siku, nikakosea. Akapunga mkono gari likasimama.

Nilikataa. Nilimwambia nimeweka nadhiri ya kukanyaga kila hatua. Akasema kwamba kwa mambo ya afya yeye ndiye mwenye neno la mwisho, tulitia sahihi sote, na ni kweli tulitia. Nikapanda nikilia. Ndani alikuwepo yule mzee, ameshika rozari, miguu imewekwa juu ya gunia la maharage. Akanisogezea chupa ya maji yenye chumvi na sukari, akangoja ninywe. Kisha akasema, "Mwanangu, leo Ijumaa. Tusali Njia ya Msalaba kabla hatujafika." Hakuwa na kitabu, alivijua vituo kwa moyo. Tulipofika kituo cha tano, Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kubeba msalaba, alinyamaza muda mrefu nikadhani amesahau maneno. Akasema, "Mimi hapa huwa nakaa sana. Bwana alikubali kusaidiwa."

Nimesali kituo hicho kila Ijumaa ya Kwaresima tangu nikiwa mtoto. Siku zote nilijiweka mahali pa Simoni. Mimi ndiye ninayebeba msalaba, wa mama, wa wadogo zangu, wa jirani. Sijawahi hata mara moja kumwangalia yule aliyebebewa. Wakati mama anaumwa dada yangu aliomba mara tatu aje akae naye mwezi mmoja nipumzike, nikakataa mara tatu, nikisema hawezi kumgeuza vizuri. Dada yangu alifika siku ya maziko. Nililiona hilo pale garini, juu ya magodoro, kilometa tisa za kinamasi zikipita dirishani. Kutembea kilometa 200 hakukunigusa mahali pale. Maumivu ya miguu niliyaweza, kwa sababu niliyachagua mimi na nilikuwa nayamiliki. Kukaa kwenye gari nikiwa nimeshindwa mbele ya watu, hilo sikulichagua.

Jioni hiyo tulipokelewa kwenye parokia moja mbele ya Kayabwe, pale barabara inapokata ikweta. Wakristo wa Buganda wana desturi ya kuwapokea mahujaji kwa nguvu zote. "Mukulike! Mukulike!" wanakuja wakipiga vigelegele, na kina mama wanatoa mabeseni ya maji ya vuguvugu, wanaosha miguu ya kila anayefika. Kyotera walipotaka kuniosha nilichukua beseni nikajiosha mwenyewe, nikasema asante. Hapa niliketi kwenye benchi. Aliyenijia alikuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili, sketi ya shule, magoti yake moja kwa moja kwenye nyasi zenye maji. Alinivua soksi. Soksi ya kushoto ilikuwa imegandamana na kidonda, hakuivuta. Aliiloweka kwenye maji, akawa anaimwagia kwa kiganja kidogo kidogo, akingoja iachie yenyewe. Kisha akaninyanyulia uso akauliza, "Bikuluma?" Kihaya na Kiganda ni ndugu, sikuhitaji mkalimani, aliuliza kama inaniuma. Mdomo wangu umezoea kusema hapana. Nikamwambia ndiyo, inauma sana. Akatikisa kichwa kama mtu mzima, akaendelea kumwagia.

Usiku ule, kwenye sakafu, katikati ya watu arobaini wanaokoroma, nilisali. Ilikuwa sentensi moja tu na ilimhusu dada yangu.

Sasa lalamiko. Tulikuwa na kijana mmoja, mwimbaji mzuri, ambaye mahubiri ya Masaka yalimwingia kuliko alivyoyaweza. Alikuwa na kidonda kisiginoni, akakificha. Muuguzi alipopita kukagua miguu jioni alisema amelala, au yuko msalani. Tulipofika Mpigi mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti, na mwili una homa. Alilazwa kwenye zahanati usiku mbili, na tunamshukuru Mungu mguu ulipona. Nilimwendea kiongozi. Nilimwambia kwamba Bwana mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, na hakuna anayesema alikosea kuomba. Nilimwambia pia kwamba Mashahidi hawakutoka nyumbani kwao kuutafuta moto. Waliamriwa wanaosali wasimame kando, wakasimama, kwa sababu hawakuweza kusema hawasali. Moto ulikuja kama gharama ya neno lile. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba dhiki huleta saburi, na saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti huleta tumaini. Ni ngazi, na yule kijana alifundishwa kukaa kwenye ngazi ya kwanza. Kiongozi alinisikiliza. Aliomba msamaha kwa yule kijana mbele ya wote, sala ya asubuhi, Kampala. Kama mwakani atahubiri tofauti sijui, ndiyo maana nakuambia: siku ya semina uliza kama muuguzi ana mamlaka ya kumsimamisha mtu, na kama ukaguzi wa miguu kila jioni ni wa lazima kwa kila mtu. Wakisita kujibu, pesa yako ibaki mfukoni.

Chakula nitasema kwa ufupi. Kilitosha, hakikuzidi. Upande wa Tanzania maharage na ugali, upande wa Uganda posho, ndivyo wanavyouita ugali, na maharage, na mara mbili wenyeji walitupikia matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, nikala kama niko kwa bibi. Mwenye vidonda vya tumbo au sukari azungumze na muuguzi mapema kuhusu siku za kufunga. Kwetu watu watano walisamehewa na hakuna aliyewanyooshea kidole. Vyoo vya njiani ni vya shimo, beba karatasi na tochi. Chandarua ni cha lazima, Lukaya mbu hawana huruma.

Tulifika Namugongo tarehe 2 Juni alasiri. Umati wa mkesha ule siwezi kuueleza, watu wamejaa mtelemko wote hadi kwenye lile ziwa dogo, wametandika khanga na maturubai, kila lugha inasikika. Nilifanikiwa kuingia kanisani kwa dakika chache tu, lile la mviringo lililosimama juu ya nguzo 22, moja kwa kila Shahidi Mkatoliki, kwa sababu mstari ulikuwa mrefu. Altare iko mahali alipochomwa Karoli Lwanga. Wenzake wa siku ile walifungwa kwenye matete wakachomwa pamoja. Yeye alitengwa, akachomwa taratibu, moto ukianzia miguuni. Nilikuwa nimejua habari hiyo tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Nilisimama pale miguu yangu ikiwa imefungwa bandeji nne, na sikuweza kulinganisha chochote, niliangalia chini tu.

Baadaye mimi na yule mzee tulikwenda pia upande wa Waanglikana, si mbali, kwa mwendo wetu wa taratibu ilichukua karibu saa nzima. Wao wana Mashahidi 23 wanaowakumbuka. Ningependa kikundi kiiweke ziara hiyo kwenye ratiba rasmi. Walikufa kwa sababu moja, na mahujaji wao tulikuwa tumelala nao kwenye kumbi moja mara mbili njiani.

Kurudi ni kwa basi, nauli haimo kwenye ile 180,000, hilo waliandike kwa herufi kubwa kwenye fomu.

Kucha ya dole gumba la kushoto ilitoka wiki iliyopita, mpya imeanza kuonekana chini. Jumapili dada yangu alikuja kutoka Muleba, akakaa siku tatu. Siku ya pili alisema niketi, akapika yeye, na ndizi alizikata vipande vikubwa mno kwa namna nisiyoipenda. Nilikula. Tulizungumza habari za mama hadi taa ikazima.

Nimeshaandikisha jina langu la mwakani. Kiongozi aliuliza nitakuwa kundi gani, nikamwambia nitatembea kila siku hadi saa tatu asubuhi, baada ya hapo nitakuwa garini na yule binti muuguzi, kuosha miguu na kufunga bandeji. Sindano nitabeba. Uzi nitauacha dukani.